Zahanati ina akaunti benki, mkulima wa Rufiji anajua kilichomo?

KATIKA delta ya Rufiji, safari ya kwenda hospitali huanza kwa kuangalia maji. Mgonjwa wa Kiomboni au Msala hawezi kuondoka maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu vijito hubaki matope na chombo hakipiti. Ndugu zake husubiri maji yajae, hutafuta boti ya injini na, lililo gumu kuliko yote, hutafuta fedha za petroli.

Petroli hiyo mara nyingi hutoka mfukoni mwa familia. Anayemsindikiza mgonjwa naye hutoka katika familia hiyo hiyo, na kazi yake ya shamba au ya uvuvi husimama hadi atakaporudi. Ukiuliza ni nani mfadhili mkubwa wa huduma za afya katika vijiji hivi, wengi watataja Serikali au wahisani. Ni wachache watakaoitaja kaya yenyewe.

Gharama ya kaya haionekani kwa sababu haina stakabadhi. Mkulima wa bonde la Rufiji hupanda mpunga kwa kufuata mvua na mafuriko, na maji yakishuka hupanda mahindi ardhi ikiwa bado na unyevu, kilimo ambacho wenyeji hukiita mlau. Katika msimu wengi huhamia shambani na kuishi katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuwinga ndege na kufukuza nguruwe. Zahanati wanaiacha nyuma kijijini.

Chukua kaya yenye ekari mbili za mpunga. Mtoto akishikwa na homa wakati punje zinajaa, mama huondoka dunguni siku tatu au nne. Dawa inaweza kutolewa bure, kwani mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kulipia katika kituo cha Serikali. Lakini kwelea kwelea hawasubiri mama arudi. Hasara ya siku hizo huonekana wakati wa mavuno, magunia yanapohesabiwa, na hakuna anayeiandika kuwa ni gharama ya malaria.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayemuuguza mzee au mgonjwa wa muda mrefu nyumbani. Mwanamke aliyekuwa akilima ekari mbili hulima moja, na kijana aliyekuwa akipeleka kamba sokoni hubaki kumgeuza baba yake kitandani. Kwa hiyo huduma za afya ngazi ya jamii, yaani mhudumu anayefika mlangoni, zahanati yenye dawa na mzee anayetibiwa bila kuuza mbuzi, si suala la Wizara ya Afya peke yake. Ni sehemu ya mtaji wa mkulima, sawa na mbegu na jembe.

Fedha za umma kwa ajili ya huduma hizo zipo, na njia zinazopitia zimefupishwa sana katika miaka ya karibuni. Kinachokosekana mara nyingi ni taarifa: kiasi gani kimefika, lini, kwa ajili ya nini, na nani ana haki ya kuuliza. Upungufu huo unaweza kupunguzwa bila kusubiri shilingi moja ya nyongeza kutoka Hazina.

Somo lilianzia Rufiji yenyewe

Jambo la kushangaza ni kwamba Rufiji ni mojawapo ya mahali palipoufundisha ulimwengu somo hili. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake ya maendeleo kuhusu uwekezaji katika afya, ikidai kwamba nchi maskini zinaweza kupunguza vifo vingi iwapo fedha kidogo zitaelekezwa kwenye magonjwa yanayoua zaidi. Wizara ya Afya ya Tanzania na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Canada wakaamua kulijaribu dai hilo. Mradi uliitwa TEHIP, na wilaya zilizochaguliwa zilikuwa Rufiji na Morogoro Vijijini.

Wilaya hizo ziliahidiwa nyongeza ya hadi dola mbili za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Ilipofika wakati wa kutumia, zikajikuta haziwezi kuzimaliza. Zilizotumika kwa manufaa zilikuwa kiasi cha senti 80 za dola kwa mtu. Badiliko kubwa halikutokana na wingi wa fedha. Lilitokana na hesabu.

Kuanzia mwaka 1998 wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne katika vijiji vya Rufiji wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki, na familia ziliulizwa dalili za marehemu ili sababu ya kifo ijulikane. Taarifa hizo zilichorwa katika michoro ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuisoma kwa dakika chache. Upande mmoja ulionyesha magonjwa yanayoua, upande wa pili fedha zinakokwenda.

Pande hizo mbili hazikufanana. Huko Morogoro malaria ilikuwa ikisababisha asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini ilipata asilimia tano tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Hakuna aliyekuwa ameamua kwa makusudi kuidharau malaria. Bajeti ilikuwa ikinakiliwa kutoka mwaka hadi mwaka, kama mkulima anayepanda mbegu ile ile kwa kuwa ndiyo iliyomo ghalani.

Baada ya hesabu kuonekana, fedha zilihamishiwa kwenye malaria na tiba ya watoto. Wahudumu walifundishwa kumchunguza mtoto mzima badala ya dalili moja, zahanati za mbali zilipatiwa mawasiliano ya redio, na wanavijiji walishiriki kukarabati majengo yao. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Vifo vya walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 140 hadi 120. Si haki kuupa mradi mmoja sifa yote, maana mambo mengine yalikuwa yakibadilika nchini wakati huo. Lakini wilaya maskini yenye barabara mbovu ilionyesha kwamba taarifa ni pembejeo.

Hata hivyo, michoro ile ilibaki zaidi mezani kwa wataalamu. Mwenye dungu hakuiona.

Akaunti ya zahanati

Kwa miaka mingi fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ulioanzishwa mwaka 1999 na Serikali pamoja na wahisani, zilikwenda halmashauri. Kuanzia mwaka 2004 mgawo kwa halmashauri ulifuata kanuni iliyo wazi: asilimia 70 kwa idadi ya watu, asilimia 10 kwa umaskini, asilimia 10 kwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, na asilimia 10 kwa urefu wa njia za magari ya huduma za afya.

Kanuni hiyo ilikuwa ya haki kuliko kugawa kwa mazoea. Lakini mtu wa delta angekuwa na swali dogo: njia za magari zipi? Sehemu kubwa ya delta haina barabara, na injini ya boti haipimwi kwa kilomita za gari. Swali la namna hiyo haliwezi kuulizwa na mtu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba kuna kanuni.

Tatizo la pili lilikuwa umbali wa mwenye kalamu. Zahanati iliyohitaji kununua glavu au kukarabati paa ilisubiri uamuzi wa makao makuu ya wilaya. Hadi Kibiti ilipoanza kuwa wilaya inayojitegemea mwaka 2016, makao hayo yalikuwa Utete, kusini mwa mto.

Katika mwaka wa fedha wa 2017/18 Serikali ilibadili utaratibu, na fedha za mfuko huo zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo. Zahanati ndogo kabisa ikawa na akaunti yake, mpango wake wa mwaka na mfumo wake wa kuandika mapato na matumizi. Katika akaunti hiyo huingia pia makusanyo ya wanaolipia huduma na marejesho ya bima.

Dawa zina njia tofauti, na hapa ndipo wanavijiji wengi huchanganya. Sehemu kubwa ya fedha za dawa haifiki kijijini kama fedha. Hubaki Bohari ya Dawa (MSD) katika hesabu ya kituo husika, na kituo huagiza dawa hadi fungu lake liishe. Bohari ikikosa dawa fulani, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri aliyeidhinishwa, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na baadaye kuenea nchini. Kwa hiyo mwananchi anayeambiwa "dawa zimekwisha" ana haki ya kuuliza swali la pili: fungu limekwisha, Bohari haina, au oda haijapelekwa? Majibu hayo matatu yana wahusika watatu tofauti.

Mwenye mamlaka ya kuuliza kwa niaba ya kijiji ni kamati ya usimamizi wa kituo. Ina wajumbe waliotoka kwa wananchi, na ndiyo inayopaswa kujadili mpango na matumizi pamoja na kushuhudia dawa zikipokelewa. Kwa lugha ya chama cha msingi, ni bodi ya wanachama. Mkulima wa korosho wa Bungu au Mchukwi anajua vizuri kinachotokea bodi ya chama ikiwa imelala. Bei ya mnada huijua kwa redio, makato huyajua siku ya malipo, na ugomvi huanza hapo. Kamati ya zahanati iliyolala haileti ugomvi wa namna hiyo, kwa sababu hakuna aliyejua kiasi kilichoingia.

Uganda walitangaza gazetini

Jirani wa Tanzania ana mfano unaofaa kuangaliwa, ingawa ni wa shule. Watafiti waliofuatilia ruzuku za shule za msingi nchini Uganda waligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya fedha zilizotolewa na Serikali Kuu kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Zilizobaki ziliishia wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya asilimia 80.

Wachumi wengine wamesema baadaye kwamba magazeti hayakufanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa Uganda ilibadili mambo mengi ya fedha katika miaka hiyo. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini hakuna aliyedai kwamba kutangaza kuliongeza wizi.

Tanzania ina sheria za kutosha upande huu. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi kusomwa hapo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi husika inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30.

Kwa Kibiti na Rufiji sheria ile ilikuja wakati mbaya. Katika miaka ya 2016 na 2017 wenyeviti na watendaji wa vijiji walikuwa wakiuawa katika eneo hili, na askari polisi nao waliuawa. Ni vigumu kudai usomaji wa mapato na matumizi mahali ambapo kuitwa kiongozi ni hatari. Utulivu ulirejea, lakini desturi ya mkutano ikikatika hairudi siku moja na utulivu.

Kuna na hili la ubao wa matangazo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wa bondeni hadi vijiji vya nyanda za juu, karibu na shule na zahanati. Nyumba zilihama, mashamba yakabaki bondeni. Hadi leo mkulima yupo dunguni kwa miezi kadhaa, na ubao upo ukutani kwa ofisi ya kijiji. Taarifa iliyobandikwa mahali pasipo na msomaji imetimiza sheria bila kumfikia mtu. Siku ya kupima korosho ghalani, gulioni, msikitini baada ya swala ya Ijumaa, bandarini Nyamisati abiria wa Mafia wakisubiri boti, huko ndiko watu waliko.

Biashara ndogo pia imewahi kuwa mfereji mzuri wa fedha za umma. Chini ya Hati Punguzo, mpango uliodumu kati ya mwaka 2004 na 2014, mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akaongeza fedha kidogo na kupata chandarua. Mwenye duka aliirejesha hati na kupewa mzigo mwingine. Mama alijua thamani ya hati kwa sababu iko mkononi mwake, na mwenye duka alikuwa na faida ya kumweleza.

Mhudumu wa mlangoni alipwe na nani?

Eneo hili lina uzoefu pia wa wahudumu wa afya wa vijiji. Kuanzia mwaka 2011, Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake waliajiri vijana waliofundishwa kwa miezi tisa, walioitwa WAJA, katika Rufiji, Kilombero na Ulanga. Vijiji 101 vilihusishwa. Karibu nusu vilipata wahudumu hao na vingine vikabaki vya kulinganishia. Tofauti na wahudumu wa kujitolea waliozoeleka, WAJA walilipwa mshahara. Ila fedha zilikuwa za mradi, na mradi una mwisho.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Hesabu yake ni rahisi kuikumbuka: wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo ilikuwa ikibeba sehemu kubwa ya kazi za UKIMWI na malaria. Mhudumu anayelipwa na mfuko wa nje hana hakika ya mwezi ujao, na mwanakijiji anayemtegemea naye hana hakika hiyo.

Kwa hiyo katika kila kitongoji cha Kibiti swali la kuuliza ni la kawaida kabisa: wawili wetu ni akina nani, wamechaguliwa lini, wanalipwa kutoka fungu gani, na fungu hilo linaisha lini?

Wazee nao wanapoteza kwa kukosa taarifa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeweka msingi wa matibabu bila malipo kwa mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Lakini msamaha haumfuati mzee nyumbani. Ni lazima atambuliwe na kijiji, jina liandikwe na apewe kitambulisho. Mzee asiyejua hilo hufika dirishani akiwa hana kitu cha kuonyesha. Zanzibar walirahisisha jambo: tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 alistahili pensheni ya Serikali, iliyoanza kwa Sh20,000 kwa mwezi, bila kumtaka athibitishe umaskini wake. Tanzania Bara ingeona gharama hiyo ni kubwa, na pengine ni kubwa kweli. Ila umri ni rahisi kuutangaza na kuuthibitisha kuliko umaskini.

Mfano wa mwisho ni Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), uliopata sheria yake mwaka 2001. Kaya ilipochangia, Serikali iliongeza kiasi kilekile, utaratibu ulioitwa tele kwa tele. Kijiji ambacho hakikuchangia kilikosa mara mbili. Biashara ya namna hiyo, shilingi kwa shilingi, mfanyabiashara yeyote wa Ikwiriri angeichangamkia kama angeelezwa. Haikutangazwa kwa nguvu iliyostahili. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilitakiwa kulipa Sh30,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Mchango wa namna hiyo una msimu wake. Fedha za korosho huingia miezi ya mwisho ya mwaka, kupitia stakabadhi ghalani na chama cha msingi. Homa hupamba moto baada ya masika, wakati kaya ya bondeni haina kitu hadi mpunga uvunwe. Anayedai mchango Aprili anamdai mtu asiye nacho. Aprili 2024, mafuriko yalipoifunika sehemu ya Rufiji na Kibiti, hata mpunga wa kungojea haukuwepo katika mashamba mengi. Kukata mchango kwenye malipo ya korosho ni wazo linalofaa kujadiliwa, kwa masharti kwamba mkulima akubali kwa saini yake. Makato asiyoyajua anayo mengi tayari.

Kalenda ya Serikali nayo imekaa vibaya kwa mkulima. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, lakini mapendekezo ya bajeti ya zahanati huanza kuandaliwa miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia. Wakati huo watu wa Bungu na Mjawa wanaokota korosho, na wa bondeni wanatayarisha mashamba ya mpunga. Mkutano wa kijiji ukiitishwa asubuhi ya siku ya kazi, watakaofika ni wachache, na mpango utapita bila petroli ya boti kuandikwa. Siku ya mnada hawakosi mtu, na mtendaji wa kijiji anaijua tarehe yake mapema.